Uzi: Hevi reissu (2018) na ufundi wa kupiga picha filamu ya muziki

Mhariri Mlalahoi
Wakuu, uzi huu ni wa watengenezaji. Wanaotafuta pa kuipakua wafungue wa kwao.

Mada ni Hevi reissu, filamu ya Kifini ya mwaka 2018, ndefu ya kwanza kwa waongozaji wake wawili, Juuso Laatio na Jukka Vidgren. Kwa ambao hawajaiona: vijana wanne wa Taivalkoski, kaskazini mwa Ufini, wana bendi ya metali ambayo imefanya mazoezi miaka 12 kwenye machinjio ya familia ya mpiga gitaa, machinjio ya wale kulungu wa kaskazini wanaofugwa kama ng'ombe. Miaka yote hiyo hawajapanda jukwaani wala kutunga wimbo wao hata mmoja. Kila rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) wakiipata, mpiga besi anatambua kuwa tayari ni ya mtu mwingine. Kisha anapita Mnorwe mwenye tamasha, habari inavuma kijijini kwamba wamealikwa, na hapo mambo yanaanza.

Ni vichekesho, lakini muziki wenyewe haukufanyiwa mzaha. Nyimbo za bendi zilitungwa na Mika Lammassaari, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Mors Subita. Muziki wa nyuma ya picha ni wa Lauri Porra, mpiga besi wa bendi ya Stratovarius, ambaye kwa ukoo ni kitukuu cha Jean Sibelius, mtunzi mashuhuri wa Ufini. Hoja yangu ni kwamba ukiondoa nyimbo za kweli ukaweka kelele za kuigiza, utani wote unakufa, kwa sababu tunacheka watu wanaojua wanachokifanya ila hawana pa kukifanyia. Ile picha ya bendi inayopigwa na kamera ya barabarani ya kunasa mwendokasi inachekesha kwa sababu wamesimamisha nyuso kama bendi ya miaka 20.

Naomba tuchambue kiufundi: tukio la bendi linaandaliwaje, linapigwaje picha, na huwa linaharibikia wapi.

Chumba cha Miksi
Asante mkuu. Naanzia kabla ya kamera, maana huko ndiko filamu nyingi za muziki za mara ya kwanza zinakofia.

Wimbo utakaoonekana ukipigwa lazima uwe umefungwa muundo kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Miksi inaweza kungoja. Mpangilio na mwendo haviwezi. Ukipunguza mzunguko mmoja wa kiitikio baada ya picha, kila mkono ulioonekana kwenye gitaa unakuwa mahali pasipo pake, na mhariri atabaki kukimbilia nyuso za watazamaji kila baada ya sekunde mbili ili kuficha.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Mtunzi anatoa demo yenye kliki, yaani mdundo wa kuhesabia. Mwongozaji na mwandishi wanakaa nayo na skripti, wanakata toleo la filamu, kwa sababu wimbo wa dakika 4 mara nyingi unaonekana dakika moja na nusu tu. Waigizaji wanafundishwa toleo hilo la filamu, siyo wimbo mzima. Halafu wapigaji halisi wanarekodi, na siku hiyohiyo unawapiga picha mikono yao kwa simu mbili, moja kutoka mbele na moja kutoka juu ya bega. Video hizo ndizo mwalimu wa mwigizaji kwa wiki zinazofuata. Kwa mtu asiyejua gitaa kabisa, wiki nane si nyingi.

Kutoa faili: WAV, 48 kHz, biti 24. Mafungu yaanzie sifuri ileile hata kama fungu lina kimya mwanzoni: dramu, besi, gitaa, sauti, na mseto kamili. Mlio wa fremu moja (fremu ni picha moja kati ya 24 au 25 za kila sekunde) wa 1 kHz uwekwe sekunde 2 kamili kabla ya kliki ya kwanza, kisha kliki nne za kuhesabia. Kwa mwendo wa kasi weka nane, nne zinapita kabla mtu hajashusha pumzi.

Andaa pia vipande: kuanzia kiitikio, kuanzia solo, kuanzia mwisho. Kila kipande kibaki na taimukodi (namba ya saa, dakika, sekunde na fremu) ya mahali pake kwenye wimbo mzima, siyo kianze upya kwenye sifuri. Hili watu hulisahau, na linamgharimu mhariri siku nzima ya kupapasa.

Kosa la kawaida kuliko yote: mtunzi ametoa 44.1 kHz, kifaa cha kuchezea wimbo kimewekwa 48 na hakibadilishi. Wimbo unakwenda kasi zaidi kwa asilimia 8.8 na unapanda karibu nusutoni (hatua kati ya noti moja na inayofuata) moja na nusu. Kwenye metali nzito, watu wasioizoea hawasikii tofauti siku ya picha, wanagundua kwenye uhariri.

Dada Klepa
Naendelea na siku yenyewe ya kupiga picha.

Kifaa cha kuchezea kiwe na chaneli mbili walau. Kushoto muziki, kulia taimukodi ya LTC, yaani taimukodi iliyogeuzwa kuwa sauti. Ya kulia isiende kwenye spika, iende kwenye klepa (kibao kinachogongwa mbele ya kamera) ya kielektroniki, ili kila ukiipiga picha klepa, namba inayoonekana iwe ni mahali pa wimbo. Mhariri anasoma namba, anaweka kipande mahali pake, basi. Kamera yenyewe iendelee na taimukodi yake ya saa ya siku pamoja na rekoda ya sauti. Ukiipa kamera taimukodi ya wimbo, teki (kila marudio ya kupiga tukio) 14 zote zinakuwa na namba zilezile na programu ya uhariri inachanganyikiwa.

Hata kama sauti ya hapo haitatumika, rekodi kila teki. Maiki moja tu juu ya jukwaa inatosha. Klepa ikikosea, utalinganisha mawimbi.

Sasa umbali. Sauti inakwenda mita 343 hivi kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za joto, na 331 kwenye nyuzi sifuri. Kwenye fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, yaani mita 13 na nusu kwa wastani. Ukiweka spika kubwa mbele ya jukwaa na mpiga dramu yuko mita 14 nyuma yake, anapiga fremu moja nyuma ya mpiga gitaa. Watazamaji walio mita 40 mbele wako nyuma kwa fremu tatu, wanatikisa vichwa wakati bendi imeshapita. Kwa hiyo weka spika ndogo nyingi karibu na kila mtu, na kwa umati mrefu panga spika za kati zilizosogezwa muda kwa makusudi, ziwe mbele ya wakati kidogo. Mwanzo wanadhani unawaonea, wakiona picha wanaelewa.

Tukio lenye mazungumzo katikati ya muziki: muziki unachezwa sekunde 10, umati unashika mwendo, unazimwa, watu wanaendelea kuruka kimyakimya huku waigizaji wakisema maneno yao. Ikiwa umati unapoteza mwendo, peleka mdundo mzito tu wa Hz 30 hadi 40 kwenye spika ya besi. Mdundo huo unakatwa baadaye kwa kuchuja kila kilicho chini ya Hz 80, na maneno yanabaki safi. Sharti viatu. Sakafu ya mbao na umati wenye mabuti haisafishiki, lazima zulia au soli za sponji.

Nyuzi Sita
Upande wa gitaa niongeze kitu ambacho wapiga picha hawakijui.

Gitaa likishushwa hadi noti ya B, uzi mnene unatetema Hz 61.7 badala ya 82.4 ya kawaida. Ukiacha nyuzi za kawaida za unene wa 10 hadi 46 (elfu za inchi) kwenye shingo ya milimita 648, zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kwenye picha ya karibu zinaonekana zikipepea. Mtu wa metali akiona hivyo amekuacha. Weka seti nene, 12 au 13 hadi 60 au 62, rekebisha shingo na daraja, kisha lipe gitaa usiku mzima litulie kabla ya picha. Mifereji ya kwenye nati (kipande kinachoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa) nayo huenda ikahitaji kupanuliwa kidogo, la sivyo uzi mnene unakaa juu yake na unaruka nje mwigizaji akianza kucheza kwa nguvu.

Halafu mkono wa kulia. Mwigizaji asiyejua hujitahidi vidole vya kushoto, na jicho la mtazamaji linakaa kulia. Kama kupiga ni kwa kushuka tu, apige kwa kushuka tu. Akianza kupanda na kushuka kwenye rifu ya kushuka tu, hata asiyejua anahisi kuna kitu hakiko sawa ila hawezi kukitaja.

Amplifaya ziwashwe, taa zake zionekane. Kebo ziwe zimechomekwa. Kuna filamu kubwa zimetoka na gitaa la umeme lisilo na kebo wala kifaa cha wayalesi.

Mgonga Dramu
Dramu ndizo zinazoumbua filamu za muziki.

Kupiga hewani haiwezekani. Toazi lisipoyumba, tumeshajua. Kwa hiyo mpigaji apige kweli, ila vifaa vinyamazishwe: ngozi za wavu badala ya plastiki, matoazi yenye matundu, na kwenye dramu ya mguu sponji nzito iliyogusa ngozi zote mbili. Matoazi ya matundu yanaonekana tofauti kwa karibu, basi tumia ya kawaida kwenye picha za karibu na uyapige pale tu ambapo hakuna anayesema neno.

Kasi: mwendo wa mapigo 200 kwa dakika na miguu miwili ikipiga noti za kumi na sita ni mapigo 13.3 kwa sekunde. Kamera ya fremu 25 inapata chini ya fremu mbili kwa kila pigo. Hakuna mtazamaji atakayehesabu. Kinachoonekana ni mapaja na kifundo cha mguu: mpigaji halisi wa kasi hiyo hatumii paja zima, anatumia kifundo, goti linatikisika kidogo tu. Mwigizaji anayerusha magoti juu anaonekana yuko kwenye baiskeli. Piga kutoka kiunoni kwenda juu, kisha miguu peke yake ukitumia mpigaji halisi aliyevaa suruali na viatu vilevile.

Jasho liwe la kweli kadiri inavyowezekana. Maji ya kunyunyiza hukauka chini ya taa, ukichanganya na gliserini kidogo yanakaa.

Mtu wa Laivu
Samahani wakuu, mbona mnazungumza kana kwamba hakuna njia nyingine? Bendi ikipiga laivu mbele ya kamera unapata pumzi, makosa madogo, macho yanayotafutana. Plebaki, yaani kuigiza juu ya wimbo uliokwisha rekodiwa, inaua hayo yote.

Chumba cha Miksi
@Mtu wa Laivu, kwa gitaa moja na sauti niko nawe. Kwa bendi ya metali, hesabu ni nyingine. Dramu zikiwa chumba kimoja na maiki ya mwimbaji, sauti ya toazi inaingia kwenye kila kitu, na kila teki ina mwendo wake. Ukikata kutoka teki ya 3 kwenda ya 7 katikati ya rifu, toazi lililokuwa likilia linakatika ghafla. Utahitaji kamera tano au sita kwa wakati mmoja ili usikate kati ya teki, na filamu ya kwanza haina fedha hiyo.

Unachotaka, uhai, unapatikana kwa kurekodi vitu vya pembeni. Baada ya picha, omba dakika 20 za kimya na urekodi pale pale: mvumo wa amplifaya bila mtu kupiga, kebo ikichomekwa na kuchomolewa, vidole vikiteleza kwenye uzi mnene, fimbo zikigongana, kiti cha dramu kikilia, mwimbaji akivuta pumzi karibu na maiki. Weka hivyo juu ya wimbo wa studio. Kisha mwimbaji arudie kuimba mbele ya kamera kwa nguvu kamili kwenye teki mbili, hata kama plebaki inaendelea. Pumzi zake za kweli utazichomeka kati ya mistari.

Na chumba. Wimbo wa studio ukiingizwa kwenye picha ya mazoezini utasikika kama redio imewashwa. Dawa yake: rudisha mafungu pale pale, cheza gitaa kupitia amplifaya halisi, weka maiki mita 2 au 3 mbali na nyingine kwenye kona, rekodi upya. Utachanganya asilimia fulani ya hiyo na ile safi. Kwenye filamu kama hii ambapo bendi inatoka mazoezini hadi jukwaa la tamasha, hizo ni sauti mbili tofauti kabisa za watu walewale, na tofauti hiyo ndiyo inayompa mtazamaji hisia kwamba wamefika.

Mtu wa Laivu
Hapo kwenye pumzi nimekuelewa. Bado naona mazoezini, ambako wanakatizana kila wakati, laivu inawezekana.

Chumba cha Miksi
Inawezekana, hasa rifu inapokatika baada ya baa (vipimo vya mdundo) mbili. Hapo hakuna cha kuunganisha.

Mhariri Mlalahoi
Nirudi kwenye ile ya machinjioni, kwa kuwa ndiyo ninayoirudia kuitazama. Mzoga unakwama kwenye mashine ya kusaga, mashine inaguguma, na humo Lotvonen, yule mpiga gitaa, anasikia rifu waliyoitafuta miaka yote. Nasema namna ya kujenga tukio la aina hii.

Usianze na mashine. Anza na rifu, kwenye mwendo wake uliofungwa. Rekodi mashine vipandevipande: mota peke yake, mota ikizidiwa, chuma kwa chuma, mfupa ukivunjika. Pigo kubwa la mashine ukaliweke kwenye mapigo yenye mkazo ya rifu. Ukiziweka sawasawa tangu mwanzo, mtazamaji anasikia ujanja mara moja, kwa hiyo baa mbili za kwanza ziache zipotoke milisekunde 60 hadi 80 huku na huku, kisha zisogeze taratibu mpaka zitulie. Uso wa mwigizaji uingie kabla mwendo haujawa wazi. Tukimwona anasikia kitu ambacho sisi bado hatujakisikia, tunakitafuta pamoja naye.

Shida ya pili ni sauti ya mota. Umeme wa Ulaya ni Hz 50, mvumo wa mota unakaa kwenye 100, kati ya G na G kali. Gitaa lililoshushwa B likiingia juu ya mvumo huo vinagombana. Usogeze mvumo hadi karibu 123, ambayo ni B, kabla gitaa halijaingia. Na gitaa likishaingia, kata kila kilicho chini ya 120 kwenye mashine, uiache besi ipumue.

Bwana Fremu
Mhariri, kwa kuwa uko hapa: ni kweli mtunzi aambiwe achague mwendo unaogawanyika kwa fremu? Yaani kwenye fremu 25, mwendo wa 125 unatoa fremu 12 kamili kwa pigo, 150 unatoa 10, wakati 120 unatoa 12 na nusu. Kwenye 24 ni kinyume, 120 inatoa 12 kamili.

Mhariri Mlalahoi
Hesabu ni sahihi, ushauri siupendi. Nusu fremu ni milisekunde 20. Viwango vya kimataifa vya matangazo vinasema mtu huanza kuhisi tofauti sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa 125. Kwa dramu niko mkali zaidi ya hapo, lakini 20 hazinisumbui. Mwendo uchaguliwe na wimbo.

Ninachoomba kwa mpiga picha ni kimoja: fremu 24 kamili au 23.976, aamue na aandike. Ukipiga 24 kamili na mradi wa uhariri ukawa 23.976, picha inapungua kasi kwa moja kwa elfu. Wimbo wa dakika 4 unaisha ukiwa umepotoka robo sekunde, karibu fremu 6. Mwanzo uko sawa, mwisho mdomo umeachana na sauti, na watu wanaanza kumlaumu mwigizaji.

Bwana Fremu
Na mwendo wa pole? Mwongozaji wetu anataka mwimbaji aonekane polepole lakini mdomo ufuate.

Dada Klepa
Kupiga fremu 50 kwa kuonyesha 25, plebaki ichezwe mara mbili ya kasi. Wimbo wa 90 unakuwa 180, mwimbaji anaweza. Wimbo wa 200 unakuwa 400, hakuna binadamu. Kwa nyimbo za kasi ishia fremu 30 kwenye 25, wimbo unapanda hadi 240, inaleta uzito kidogo na bado inapigika. Toa faili hizo mapema studioni, usitegemee simu kuharakisha pale pale.

Koo la Chuma
Mmesahau mwimbaji. Kunguruma kwa metali hakuigizwi kwa kufungua mdomo tu. Sauti ya aina hiyo inatoka kwenye mikunjo ya juu ya nyuzi za sauti ikisukumwa na kiwambo cha tumbo; mbavu zinapanuka, mabega hayapandi, mishipa ya shingo inatoka. Mwigizaji akiminya koo ili aonekane mkali, mabega yanapanda na mashavu yanajaa, anaonekana anakohoa. Afundishwe kupumua kwa tumbo na angurume kweli kwa sauti ndogo. Teki nne au tano, kisha apumzike robo saa, maji ya uvuguvugu. Akishaanza kuhisi mkwaruzo, simamisha. Koo likiharibika siku ya pili, mazungumzo yote yaliyobaki kwenye ratiba yatasikika na ukwaruzo.

Kitu kingine: kwenye kunguruma herufi zinazoonekana ni m, b, p, f na v. Irabu zote zinafanana. Mwigizaji akipatia midomo kwenye hizo tano, amemaliza.

Shabiki wa Kaskazini
Kidogo kuhusu mahali, maana mtu anaweza kusoma uzi huu akadhani ni chumba na taa tu. Taivalkoski iko chini kidogo ya mstari wa Aktiki. Juni jua linazama kwa muda mfupi sana na giza haliingii. Ukivuka kaskazini mwa Norwe, Tromsø kwa mfano, jua halizami kabisa tangu wiki ya tatu ya Mei hadi wiki ya nne ya Julai. Anayetaka tamasha la usiku lenye taa na moshi kule wakati wa kiangazi ana mambo mawili: afunike jukwaa kwa vitambaa vyeusi na asipige pana, au angoje Agosti mwishoni. Na kiangazi ndio msimu wa matamasha. Tuska ya Helsinki, iliyoanza 1998, watu wanaisikiliza juani.

Na kwa wanaouliza kwa nini metali na siyo kitu kingine: Ufini ina watu kama milioni 5 na nusu, na hesabu inayotajwa sana ni bendi zaidi ya 50 za metali kwa kila watu 100,000. Lordi walishinda Eurovision 2006 kule Athens wakiwa wamevaa vinyago vya mazimwi. Bendi ya kijijini yenye ndoto kule ni mtaa wa kawaida kabisa, ndiyo maana waongozaji hawakuhitaji kueleza chochote.

Wakili wa Nyimbo
Suala la haki, kwa ufupi. Wimbo uliopo tayari una vibali viwili: cha utunzi na cha rekodi. Ukipata kimoja huna kitu. Kutungisha nyimbo mpya kunakuondolea hilo, lakini mkataba usainiwe kabla ya kurekodi, ukitaja utunzi, rekodi, wapigaji wa studio, albamu ya filamu, na matumizi kwenye trela. Trela husahaulika mno. Kule Ufini kuna mashirika ya kukusanya mirabaha: watunzi wako chini ya Teosto na wapigaji pamoja na wenye rekodi chini ya Gramex. Huku kwetu pa kuanzia ni ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Andaa orodha ya muziki: jina, mtunzi, sekunde zilizotumika, na kama unaonekana ukipigwa au uko nyuma ya picha. Msambazaji wa nje ataiomba siku ya kwanza.

Tahadhari ya ziada: filamu yenye mhusika anayetambua rifu za watu inavuta majaribu ya kupiga rifu ya mtu "kwa utani tu, sekunde tatu". Hakuna sekunde tatu za bure.

Mama Manukuu
Kwa wanaotaka kuiwekea manukuu ya Kiswahili, angalieni kwanza nakala mliyo nayo inakwenda fremu ngapi. Nakala za televisheni za Ulaya huharakishwa kutoka 24 hadi 25. Filamu ya dakika 92 inafupika kwa dakika 3 na sekunde 41. Faili la manukuu la nakala moja haliingii kwenye nyingine. Zidisha nyakati zote kwa 0.96, halafu kagua mwanzo na mwisho. Kwenye filamu ya muziki kuna balaa la pili: isiporekebishwa, sauti inapanda karibu robo tatu ya nusutoni. Gitaa la B linakaribia C. Wenye masikio watalalamika na watakuwa na haki.

Herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, herufi kama 17 kwa sekunde, isikae zaidi ya sekunde 7. Kiswahili kinarefuka kwa hiyo kata mapema: "Hatujawahi kupiga mbele ya watu" inatosha, usilete sentensi nzima yenye vyote. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi), la sivyo ä na ö za majina zinageuka vibanda. Maneno ya nyimbo yaandike kwa mlazo, na yatafsiri pale tu yanapobeba hadithi. Mtu akisoma mistari sita ya mngurumo hataona jukwaa.

Wanaopenda mtindo wa Lufufu na DJ Afro, wa kusimulia filamu juu ya sauti yake, sina ugomvi nao, ila hapa msishushe sauti yote. Tafuteni nakala yenye chaneli 5.1, mazungumzo yako katikati. Shusheni ya katikati tu wakati wa kusema, na bendi ikianza kupiga nyamazeni.

Bwana Fremu
Swali la mwisho kutoka kwangu. Hatuna klepa ya kielektroniki wala kifaa cha kuchezea cha maana. Tuna simu, spika ya betri na rekoda ya chaneli mbili. Tukio moja la bendi, watu 30. Inawezekana?

Dada Klepa
Inawezekana kaka. Spika iunganishwe kwa kebo, siyo Bluetooth. Bluetooth inachelewesha na ucheleweshaji wenyewe haukai mahali pamoja teki kwa teki. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni. Toa faili ambayo baada ya mlio wa fremu moja ina sauti ya mtu inayotaja kipande, "kiitikio cha pili", kisha kliki nne. Chaneli ya kwanza ya rekoda ipokee muziki moja kwa moja kutoka kwenye simu kupitia kigawa waya, ya pili iwe maiki. Piga klepa ya mbao kwenye mlio wenyewe, siyo kabla.

Anza na picha pana watu wote 30 wakiwa na nguvu, kisha wasogeze wawe kundi nyuma ya bega la mpiga gitaa, wanaonekana 100. Mwisho bakiza 8 kwa ajili ya picha za karibu na uwaachie wengine waende. Dramu ziwe za mwisho kabisa kwenye ratiba, zikiwa na ngozi za kawaida na matoazi halisi, kwa sababu baada ya hapo hutarekodi mazungumzo tena.

Bwana Fremu
Kigawa waya kikishusha sauti ya spika?

Dada Klepa
Kitashusha kidogo. Ongeza kwenye spika, usiongeze kwenye simu ikapasuka, na punguza ingizo la rekoda mpaka kilele cha sauti kibaki chini ya -12 dB.